Baridi Iliyokosa Kuja Kapseret

Mwaka huo Julai iliingia Kapseret na jua lake. Watu walikuwa wametoa makoti sandukuni na kuyatundika nyuma ya mlango, na makoti yakabaki hapo hapo. Kawaida ya huko nyanda za juu, mwezi wa saba ni baridi ya kukata masikio. Asubuhi humwoni ng'ombe wa jirani kwa ukungu, mchana mvua ya mawe inapiga mabati, na kule chini mtoni kuna siku nyasi zinaamka na sakitu juu yake, nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Mwaka huo hapana. Ndege zilitua bila shida kwenye uwanja wa karibu, vijana wa bodaboda waliendesha na fulana, na watu wakasifu. Waliosifu ni wale wasiolima mboga.

Apiyo hakusifu. Alikuwa amekodi nusu eka nyuma ya boma la mwenye ardhi, Kogo Chepngetich, kogo maana yake bibi kwa lugha ya huko, na kabeji alizopanda hapo ndizo zilizolisha nyumba yake, kwa sababu mshahara wa mumewe Obiero, fundi wa kuchomelea vyuma katika yadi moja ya malori mjini Eldoret, uliishia kwenye karo ya watoto kabla haujafika jikoni. Sasa kabeji zilikuwa zimeingiliwa na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaokaa mgongoni mwa jani wakishikana kama majivu yaliyolowa. Wananyonya jani mpaka linajikunja kama ngumi. Miaka mingine walikuwepo pia, lakini baridi ya Julai iliwafyeka, na Agosti ikifika mkulima anaanza na shamba safi. Baridi ndiyo ilikuwa dawa ya watu wa huko, nayo haikuuzwa dukani.

Mteja wake mkubwa alikuwa Hafsa, mwenye hoteli karibu na soko. Mwisho wa Julai Apiyo alifika hapo na gunia lake kichwani, na Hafsa hakumpeleka jikoni kama siku zote. Alimsimamisha pale mbele, watu wakila.

"Mama Ooko, tua mzigo uone kitu."

Akamwekea sahani mbele. Katikati ya kabeji iliyokaangwa kulikuwa na vidoadoa, na mtu asiyejua angesema ni pilipili manga. Apiyo alijua.

"Abaayo, dada yangu, mimi nauza wali na kabeji," Hafsa akasema. "Nyama naweka mwenyewe. Hii nyama ndogondogo sikuagiza."

Meza ya karibu wakacheka. Dereva mmoja, mdomo umejaa, akasema, "Mwachie mama wa watu. Hiyo ni protini ya bure."

"Wewe kula unyamaze, hata hujalipa," Hafsa akamjibu. Kisha akamvuta Apiyo kando, sauti ikashuka. "Napenda mboga yako, unajua. Wewe hujawahi kunifichia iliyooza chini ya gunia. Lakini mtu akirudisha sahani hasemi kabeji ya Mama Ooko, anasema hoteli ya Hafsa. Lete safi ama usilete."

"Niliosha, Hafsa. Niliosha na maji ya chumvi."

"Najua uliosha. Wameingia ndani mpaka moyoni, utaosha nini?"

Apiyo alijitwisha gunia lake tena. Nje ya soko mama mmoja wa kibanda alimwita, akapekua, akaona, akasema atazichukua kwa bei ya chini. Angekata majani ya nje, apange yale mazuri mbele, na hakuna mtu angejua. Apiyo alisimama akafikiri, kwa sababu nyumbani unga ulikuwa umebaki chini ya debe. Halafu akasema hapana, asante, akarudi nazo Kapseret akawakatia kuku.

*

Obiero alileta dawa. Aliinunua kwa muuzaji aliyemhakikishia kuwa hakuna mdudu aliyewahi kuinywa akasimulia. Wakapiga shamba lote, yeye na pampu mgongoni, kitambaa puani. Vidukari wakafa kweli. Siku chache wakafurahi, halafu wakarudi, na safari hii wengine walikuwa na mabawa.

"Hawa wana ndugu mahali," Obiero akasema. "Unazika hawa, wengine wanakuja matanga."

Apiyo hakucheka. Zamani aliwahi kukata maua kwenye nyumba za plastiki huko Naivasha, na kuna kitu walikifanya kule alichokikumbuka. Aliomba vifuniko vya njano vya madebe ya mafuta ya kupikia kwa majirani, akavipaka grisi kuukuu ya yadini kwa kina Obiero, akavitundika kwenye vijiti shambani kote. Mdudu mwenye mabawa hupenda njano. Asubuhi ya pili alizunguka akisoma vifuniko kimoja kimoja. Vya upande wa mahindi vilikuwa safi. Vya katikati vilikuwa na wachache. Vile vya upande wa ua wa Kogo vilikuwa vyeusi kabisa, njano haionekani.

Akainua macho akatazama ua. Haukuwa ua wa michongoma wala waya. Ulikuwa ua wa sukuma wiki.

Mtu wa kuja angeshangaa, kwa sababu sukuma ile ilikuwa miti, mashina yake mazito kama mkono wa mtu mzima na vichwa juu ya kimo cha mtu. Haikupandwa kwa mbegu. Mama mkwe wa Kogo alikuja na kipande chake siku alipoolewa, akakichomeka hapo, na tangu hapo kila binti wa boma hilo akiolewa hutoka na kipande akakichomeke kwenye udongo wa alikokwenda. Na kila mwezi wa sita Kogo aliilaza. Kulaza maana yake ni hii: hakuna kuchuma jani, hakuna kupalilia, hakuna kuigusa. Inaachwa na majani yake yote ilale, baridi ya Julai iingie ichome kila kilichopanda juu yake, na Septemba inaamka safi, watu waanze kuchuma. Walilaza hivyo miaka yote na hawakukosea hata mwaka mmoja, maana baridi ilikuja miaka yote.

Mwaka huo ililazwa, na baridi haikuja. Kwa hiyo vidukari walipewa kitanda, chakula na amani kuanzia Juni, na hakuna mkono wa mtu uliowasumbua.

"Ni sukuma ya Kogo," Apiyo alimwambia mumewe wakila.

Obiero akaweka tonge chini. "Usimwambie."

"Nisipomwambia kabeji inaisha."

"Ukimwambia shamba linaisha. Nyar Seme, nisikilize." Alipotaka kumbembeleza alimwita hivyo, binti wa kwao Seme. "Sisi hapa ni wageni."

"Tangu Ooko hajazaliwa tuko hapa. Bado wageni?"

"Mgeni ni mtu anayeweza kuambiwa atoke. Tunaweza kuambiwa ama hatuwezi?"

Jibu lilikuwa linajulikana na watu wote Kapseret.

*

Alikwenda siku iliyofuata, saa ya chai. Kogo Chepngetich alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mama mrefu, mkavu, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani, akichambua maharagwe. Alimpa Apiyo kikombe kabla hajauliza shida yake, maziwa mengi, majani kidogo.

"Hii jua," Kogo akasema. "Baridi imechelewa mwaka huu."

"Imechelewa, Kogo."

"Iko njiani. Mwaka ule nilizaa Kimeli pia ilichelewa, halafu ikakuja ikaua mpaka kuku."

"Na kama haiji?"

Kogo akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama mlima unaweza kuhama. "Inaenda wapi?"

Apiyo alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amepanga maneno yake njiani, lakini sasa alitoa yale yaliyokuwa karibu. "Kogo, wale wadudu wa kabeji yangu wanatoka kwa sukuma yako. Nimechunguza. Sukuma imelala lakini wao hawajalala. Isipong'olewa, mimi sitavuna kitu, na hata yenyewe itakauka."

Chepngetich aliacha kuchambua. Mkono ulibaki juu ya ungo.

"Kung'olewa," akasema.

"Ndiyo, Kogo."

"Maliza chai yako."

Apiyo alimaliza chai, na hajawahi kunywa chai ndefu namna ile.

Jumamosi akaja Kimeli, mtoto wa Kogo, ambaye ndiye aliyesimamia mambo ya shamba. Alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba yao na hakuizima. Hakushuka pia. Ilibidi Obiero asogee karibu na apaze sauti ili msamaha wake usikike juu ya mngurumo.

"Samahani sana, Kimeli! Ilikuwa ni maneno ya wanawake tu!"

"Mama hajakula vizuri tangu siku hiyo," Kimeli akasema. "Nyinyi mnajua hiyo sukuma ni ya nani? Mimi mwenyewe sijawahi kuigusa na panga. Halafu mtu amekodi, anakuja kutuambia tung'oe."

"Ilikuwa makosa! Tumekosa!"

Apiyo alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mume wake, mtu mzima mwenye ndevu, akipiga kelele za msamaha mbele ya ekzosi, na roho ikamuuma zaidi kuliko kwa Hafsa.

"Kuna mtu anataka hapo apande nyasi ya ng'ombe," Kimeli akaendelea, sasa akitazama tangi la mafuta badala ya watu. "Mwezi ukiisha tutaongea."

"Tutaongea ama tutaondoka?" Apiyo akauliza. Hakupaza sauti, na Kimeli alisikia.

"Mwezi ukiisha," akasema, akageuza pikipiki.

Obiero aliketi kwenye jiwe la kufulia. "Umeona? Jumatatu unaenda kuomba msamaha."

"Nitaomba msamaha kwa kumuumiza. Kwa vidukari sitaomba. Sikuwaleta mimi."

*

Jumatatu alitoka mapema, jua likianza kupanda, akiwa na maneno yake ya msamaha. Hakumkuta Kogo kwenye kigoda. Alimkuta kwenye ua, shuka limefungwa kiunoni, viatu vya plastiki vimejaa tope. Alikuwa na ndoo na kikopo. Alichota maji, akavuta chini kichwa cha sukuma akakimwagia, akapangusa jani kwa kiganja chini na juu, akahamia jani lingine. Maji alikuwa ameyateka kisimani kabla ya jua, yakiwa ya baridi kabisa. Alikuwa amefanya hivyo mashina matatu, na ua ulikuwa na mashina yasiyopungua arobaini.

"Kogo, shikamoo. Nimekuja kuomba..."

"Nawaletea baridi yao," Kogo akasema bila kugeuka. "Kama haikuji yenyewe."

Apiyo alimtazama mgongo ule uliopinda, na maneno ya msamaha yakampotea. Akapandisha mikono ya sweta.

"Ndoo nyingine iko?"

"Kwa mlango wa ng'ombe."

Wakaosha. Apiyo aliteka, Kogo akapangusa, kisha wakabadilishana. Chungu waliokuwa wakipanda mashina kufuata utamu wa vidukari waliwauma mikono, na utamu wenyewe ulishika vidole kama asali iliyochacha. Jua lilipanda. Kogo alichoka kwanza kwenye magoti, akawa anaosha akiwa ameshikilia shina, lakini hakuacha, na Apiyo hakumwambia aache, kwa sababu aliona kuwa mama yule alikuwa anapigania kitu chake na mtu hakatazwi hivyo.

Walipofika katikati ya ua Kogo alirudi kwenye shina la kwanza kutazama kazi yao. Akafungua moyo wa sukuma, yale majani madogo ya ndani yaliyobanana, kwa kucha mbili. Ndani kulikuwa kukavu. Vidukari walikuwa wamejaa, wakubwa na watoto wao, hawajaguswa na tone.

"Hawa hata hawajasikia kuna mtu nje," Kogo akasema.

Akageuza ndoo, akaikalia. Akapangusa mikono yake inayonata kwenye shuka.

"Huko Naivasha kwa maua," akasema, "wadudu wakikataa kuisha mlifanya nini?"

"Tulitoa kila kitu, Kogo. Nyumba nzima. Udongo ukakaa bila jani moja, mpaka wakakosa pa kula."

"Na mwenye maua hakulia?"

"Alilia. Lakini kwanza alikata vipande vizuri, akaviosha, akavipeleka mbali. Mahali hakuna maua."

Kogo akazungusha macho. Huku mahindi, huku viazi vya jirani, huku michicha imejiotea yenyewe njiani. "Kapseret hii mahali hakuna mboga ni wapi?"

"Kule Obiero anafanya kazi. Ni oili na mawe, hata nyasi haioti."

"Na zako?" Kogo akauliza. "Kabeji zako pia?"

Swali hilo Apiyo alikuwa ameliogopa. Kulikuwa na vitanda viwili vya kabeji vya katikati ambavyo havijaguswa sana. Kwa bahati, na kwa kuosha kila siku, vingeweza kumpa gunia moja au mawili, na gunia moja lilikuwa unga, mafuta na sabuni. Angeweza kusema zangu ni chache, zangu nitapiga dawa. Kogo hangejua tofauti.

"Zangu pia," akasema. "Zote. Nikibakisha kitanda kimoja tumefanya kazi bure. Naanza leo, Kogo. Wewe usiseme kitu. Ukiona nimemaliza, ndipo uamue yako. Ukikataa, sitarudi kukuambia tena."

*

Obiero aliporudi kutoka kazini jua lilikuwa bado liko juu ya miti ya mikaratusi. Alipita njia ya shambani kama kawaida, akasimama. Shamba lilikuwa jekundu, udongo mtupu kutoka mwisho hadi mwisho. Kabeji zote zilikuwa zimelala kwenye rundo moja, ndogo kwa kubwa, na mkewe alikuwa ndani ya shimo akichimba.

"Apiyo. Tunafukuzwa mwisho wa mwezi, na wewe umeng'oa chakula?"

"Nimeng'oa wadudu. Chakula kilikuwa juu yao."

"Na Kogo amesema atang'oa yake?"

"Hajasema."

"Hajasema!" Obiero akashika kichwa. Alitembea mpaka mwisho wa shamba, akarudi, akapiga teke bonge la udongo. Alikuwa mtu mwoga wa ugomvi, lakini hakuwa mjinga, na vile vifuniko vyeusi alikuwa ameviona kwa macho yake. Mwishowe akavua shati la kazi, akalitundika kwenye kijiti cha kifuniko, akanyoosha mkono. "Toka humo. Unachimba kama mtu anatafuta panya. Lete jembe."

Wakazika kila kitu, wakakanyagia udongo. Kwenye mwanya wa mashina ya ua Chepngetich alikuwa amesimama muda wote huo, amejifunga shuka, akitazama. Wakati wanamaliza alikuwa ameshaingia ndani.

Asubuhi mlango wao uligongwa wakiwa bado kwenye uji. Alikuwa Kogo, amevaa kofia ya sufu ya kwenda mjini, na kapu mkononi. Ndani ya kapu kulikuwa na vipande vya sukuma vya urefu wa kiganja, vimekatwa mshazari, havina jani.

"Nimechagua zile mashina hazijashikwa sana," akasema. "Nimeosha na sabuni. Nimeosha tena. Mama Ooko, wewe una macho, angalia kama kuna kitu."

Apiyo alimwaga vipande kwenye sinia akavitazama kimoja kimoja mlangoni penye mwanga. Vitatu akavitenga. Kogo alivitazama vile vitatu, akavichukua mwenyewe, akavitupa motoni.

"Obiero," akasema, "twende kwa hiyo kazi yako. Nataka kuona mahali hii sukuma italala."

*

Mahamud, mwenye yadi, alikuwa anapigiana kelele na mtu wa tairi wakati fundi wake alipoingia amechelewa, amefuatana na bibi mwenye kapu.

"Obiero, huyu ni nani? Lori lake ni gani?"

"Bosi, hana lori. Ana sukuma."

"Ana nini?"

Obiero akaeleza, akirudia pale ilipokuwa ngumu, mikono ikicheza na kofia yake. Mafundi walikuwa wameacha kazi kusikiliza. Mahamud alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kapu, akatazama yadi yake, vyuma, matairi, oili nyeusi.

"Kwa hivyo hapa ni pachafu mpaka mdudu hawezi kukaa," akasema. "Hiyo ndiyo sifa umeleta kwa bibi."

"Si hivyo, bosi..."

"Ni hivyo," Kogo akasema. "Nimeangalia. Hapa ni pabaya kabisa. Ni pazuri."

Mafundi wakalipuka kicheko, na Mahamud mwenyewe akashindwa kujizuia. Akawaonyesha ukuta wa nyuma, penye jua la asubuhi. Madebe ya oili yaliyokatwa yalikuwepo tele. Yalioshwa, yakatobolewa chini, yakajazwa udongo mpya uliotoka kwenye mjengo wa jirani. Kogo alichomeka kila kipande kwa mkono wake. Kabla hajaondoka alimwita fundi mkubwa kuliko wote, jitu la mabega, akamwambia mtu akimwaga oili hapo yeye ndiye atakayeulizwa. Jitu likasema ndiyo, Kogo.

Aliporudi Kapseret alimwambia Kimeli achukue panga na jembe, ang'oe ua.

"Mama! Si wewe ulikataa kula kwa ajili ya huo ua?"

"Ng'oa kabla sijakataa tena."

Kimeli aling'oa. Kogo aliingia ndani akafunga mlango asisikie mizizi ikikatika, na alipotoka jioni aliona boma lake limekuwa wazi, mtu anaweza kumwona mtu hadi shambani.

*

Agosti ilikuwa ngumu. Udongo ulikaa mtupu na nyumba ya Obiero ikakaa hivyo hivyo. Apiyo alifulia watu nguo kwenye nyumba za wafanyakazi huko uwanja wa ndege, kwa mama mmoja mdogo kwake kwa umri aliyemwita "wewe wa nguo" na kumhesabia vibanio. Alirudi jioni, akapitia shambani, akang'oa kila kijani kilichochomoza, hata mchicha mmoja. Alikuwa ameacha vifuniko vyake vya njano vimetundikwa. Kila wiki alivifuta akavipaka grisi upya, na kila wiki vilibaki vya njano zaidi.

Mwisho wa mwezi ulipita. Kimeli hakuja na pikipiki. Obiero alimngoja siku nzima akiwa amevaa shati lake zuri la kufukuziwa, kama alivyoliita, na jua lilipotua akalivua. Lakini hakuna aliyesema mkae pia, na Apiyo hakupanda miche, maana huwezi kupanda kabeji ya miezi mitatu kwenye shamba usilojua ni lako mpaka lini.

Hafsa aliona sukuma kabla ya watu wengine. Mahamud alikuwa kaka yake, na alipitia yadini kumletea chakula cha mchana. Akaona madebe ukutani, majani mapya, mapana, ya kijani cha kung'aa. Akainama, akageuza jani moja akatazama mgongo. Akageuza lingine. Alifanya hivyo mstari mzima, chakula kikipoa.

"Ya nani hii?"

"Ya Kogo wetu," Obiero akasema. "Lakini Apiyo ndiye aliyesema ije huku."

"Mwambie Mama Ooko ile kabeji inayoletwa na lori imenichosha. Ni kubwa na haina ladha. Mwambie nangoja yake, hata kama ni ya Krismasi."

Septemba vipande vilirudi Kapseret nyuma ya pikapu ya Mahamud, kila kimoja kwenye debe lake, dereva akienda polepole kama amebeba mayai. Baridi ilikuwa haijafika, na sasa hata Kogo alikuwa ameacha kuitaja. Alikuwa amesimama mbele ya boma, Kimeli pembeni yake ameshika jembe. Apiyo na Obiero walishusha madebe wakayapanga chini.

Kimeli akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa ua wa zamani akainua jembe.

"Ngoja," Kogo akasema. "Wewe unajua nini?" Akamgeukia Apiyo. "Mama Ooko. Hii kitu nikipanda leo, itakaa mpaka nife. Na sitailaza tena. Kila mwaka Juni tutakata, tutaosha, tutapeleka kwa Mahamud, shamba zote mbili zikae tupu pamoja. Sasa angalia hii boma yote, uniambie iende wapi isiumize kabeji yako."

Obiero alikohoa, akatazama viatu vyake. Apiyo alitazama upepo unatokea wapi kwenye majani ya mikaratusi, akatazama shamba lake jekundu, akatembea, akapita zizi la ng'ombe, akapita bomba la maji, mpaka mbele ya nyumba yenyewe ya Kogo, upande wa dirisha la jikoni, ambako upepo haukuelekea shambani. Akasimama. Kimeli alimfuata na jembe.

"Hapa?" Kimeli akauliza.

"Sogea mbele kidogo."

"Hapa?"

"Hapo sawa."

Kimeli akatema mate viganjani, akaanza kuchimba.